Basenji: mbwa wa washenzi aliyewafunza wafugaji kupima

Hapa mwambao hapana tusi lililo jepesi mdomoni kama neno mshenzi. Mtoto akila kwa mkono wa kushoto huambiwa asiwe mshenzi. Jirani akitupa taka mlangoni kwa mwenzake ni mshenzi. Na mbwa asiye na mwenyewe, azungukaye jaani usiku, huitwa mbwa koko au mbwa mshenzi. Ni wachache wetu wanaojua kwamba neno hilo hilo limo katika vitabu vya nasaba vya Uingereza na Marekani, na kwamba huko leo ni jina la mbwa anayeandikiwa baba na mama, babu na bibi, na ambaye mwenyewe akiwa mtu wa haki hathubutu kumpandisha kabla ya kumpima.

Mbwa huyo ni basenji. Kwao ni misitu ya Kongo na nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Kwa Kilingala mtu wa porini aliitwa mosenji, na wengi wao ni basenji. Ni ndugu wa washenzi wetu, wala si ajabu, maana Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya karne ya 19, zama za kina Tippu Tip, na maneno yalikwenda na bidhaa, mema kwa maovu. Wazungu walipowaona mbwa hao wakaambiwa ni mbwa wa basenji, yaani wa watu wa mashambani. Tusi likageuka jina, na jina likapanda meli.

Kabla sijaendelea, najua msomaji mmoja amekwisha kunja uso. Ya nini mbwa katika ukurasa huu? Katika madhehebu ya Shafi, yaliyo ya wengi wetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sina la kubishana hapo. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo na wa kulindia, na majumba mengi ya Mombasa yana mbwa nyuma ya lango, na baadhi ya wenye majumba hayo ni ndugu zetu wanaoswali safu ya kwanza. Bei ya mbwa nayo ina maneno yake kwa wanazuoni, nami si fakihi. Atakaye hilo na amuulize sheikh wake. Langu ni dogo kuliko hilo. Mnyama akishakuwa mikononi mwa mtu ni amana, hata kama mahali pake ni uani. Sote tumefunzwa chuoni kisa cha yule aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu.

Basi tumtazame basenji mwenyewe. Ni mbwa mdogo, mwembamba, miguu mirefu kama ya paa. Masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana kama la mzee anayefikiri deni, na mkia umejiviringa juu ya mgongo kama pete. Rangi yake aghalabu ni nyekundu ya udongo, na kifua na vidole vyeupe. Wako pia weusi, na wenye milia. Hujilamba mwili mzima kama paka na hana harufu nyingi. La ajabu zaidi ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Si bubu, hasha. Akifurahi hutoa mlio mrefu wa kupanda na kushuka, ulio karibu na kigelegele kuliko kubweka. Kwa sababu hiyo wawindaji wa Kongo humfunga njuga ya mti shingoni, wapate kumfuata anapofukuza mnyama ndani ya nyasi ndefu.

Safari yake ya kwenda Ulaya ilikuwa ya misiba. Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza wakaonyeshwa kwa watu, na muda si muda wakafa kwa distempa, ile homa ya mbwa inayoshika macho, mapafu na ubongo. Mwaka 1923 mama mmoja wa Kiingereza, Lady Helen Nutting, alichukua sita kutoka Sudan, nao wakafa baada ya kudungwa sindano iliyokusudiwa kuwakinga na homa hiyo hiyo. Hata ilipofika miaka ya 1930 ndipo wachache walipopona na kuzaa, baada ya Bibi Olivia Burn kuwaleta wengine kutoka Kongo. Mwaka 1937 walionyeshwa London watu wakajazana kumtazama mbwa asiyebweka. Marekani wakawaandika rasmi katika miaka ya 1940. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alikwenda mwenyewe Sudan ya kusini akarudi na koo mwekundu aitwaye Fula, na leo ni shida kumpata basenji wa Ulaya au Marekani asiye na damu ya Fula ndani yake.

Msomaji azingatie jambo hilo, kwa sababu shina la kisa chote limo humo. Maelfu ya mbwa walitokana na wachache wanaohesabika kwa vidole. Ukipandisha kizazi kwa kizazi ndani ya ukoo mdogo, uzuri hujirudia, na dosari iliyojificha nayo hujirudia.

Dosari ya kwanza ilikuwa ya damu. Basenji wachanga, wenye mwaka mmoja au miwili, walianza kunyong'onyea. Fizi zilipauka zikawa kama karatasi, mbio zikawashinda, kisha wakafa kabla ya umri wa mbwa kufika nusu. Wataalamu wakagundua kwamba chembe zao nyekundu za damu zimekosa kimeng'enya kimoja zinachohitaji ili ziishi, basi zinakufa upesi kuliko mwili unavyoweza kuziunda. Ni maradhi ya kurithi. Mbwa haugui mpaka apokee dosari kwa baba na kwa mama pia. Akipokea upande mmoja tu, ana afya kama simba, anakimbia, anashinda mashindano, na hapana jicho litakalomtambua. Huyu tumwite mchukuzi: amebeba mzigo asioula mwenyewe, lakini anaweza kuutua kwa wanawe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kipimo cha damu kikapatikana chenye kuwatambua wachukuzi. Wafugaji wa Marekani wakakipokea kwa mikono miwili, na yakini walistahili sifa, kwani si wafugaji wengi wa zama zile waliokubali kufichua aibu ya nasaba zao. Wakapima mbwa kwa mamia. Kisha wakafanya lile ambalo akili ya haraka humwambia kila mtu alifanye: kila mchukuzi akaondolewa katika uzazi. Hakuna tena kupandishwa, awe mzuri namna gani, awe na macho, nyonga na tabia bora namna gani. Maradhi yale yakapungua mpaka yakawa nadra kabisa, na watu wakapongezana.

Walakini ukoo uliokuwa mwembamba tangu mwanzo ulikuwa umekatwa tena. Wachukuzi waliotupwa walikuwa na damu nyingi njema zaidi ya ile dosari moja, na damu hiyo haikurudi. Waliobaki walikuwa wachache zaidi, na miongoni mwao walikuwamo waliobeba dosari nyingine ambayo hapana aliyekuwa akiitafuta. Ndivyo wafugaji wa basenji wenyewe wanavyosimulia, tena bila ya kujitetea, na kwa hilo nawaheshimu kuliko kwa vikombe vyao.

Dosari ya pili ilikuwa ya figo, nayo inaitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa Uswisi. Kazi ya figo ni kuchuja. Huitoa damu maji na vitu vyake, kisha huvirudisha mwilini vile vinavyofaa, kama sukari, chumvi na viini vya protini, na uchafu ndio unaokwenda zake na mkojo. Figo lenye Fanconi hutoa vyote na halirudishi ipasavyo. Sukari humwagika katika mkojo ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, kwa hiyo anayepima mkojo peke yake anaweza kudhani mbwa ana kisukari. Damu hugeuka kuwa na asidi, misuli ikayeyuka. Mwenyewe huona tu kwamba mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa hovyo ndani ya nyumba aliyokwisha kuzoea adabu zake, na anakonda ingawa anakula.

Ubaya wa Fanconi ni wakati wake. Aghalabu haijitokezi mpaka mbwa awe na umri wa miaka minne hadi minane. Hesabu mwenyewe: koo huanza kupandishwa akiwa na miaka miwili au mitatu. Siku mwenyewe anapoona sukari katika mkojo, watoto wamekwisha zaliwa, wamekwisha tawanywa, na huenda wajukuu nao wako njiani. Kwa miaka zaidi ya 30 wafugaji hawakuwa na kinga ila kuchovya karatasi ya kupimia sukari katika mkojo wa kila mbwa, mwezi baada ya mwezi, na kuomba Mungu. Kila aliyempandisha mbwa alikuwa anacheza kamari na afya ya mnyama asiyeulizwa. Inakadiriwa kuwa katika Amerika ya Kaskazini kiasi cha basenji mmoja kwa kila kumi alipatwa.

Hapo ndipo watu walipokumbuka Kongo. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wachache, akiwamo Jon Curby, walifunga safari mpaka kaskazini mashariki ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wa wawindaji, wale wale wa njuga za mti ambao hawakupata kuandikwa katika kitabu chochote. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kilifungua kitabu chake cha nasaba, kilichokuwa kimefungwa, kikawaandika wageni 14. Kilifunguliwa tena kuanzia mwaka 2009 hadi mwisho wa 2013. Nacheka kidogo kila nikifikiri jambo hili: mbwa wa mshenzi, asiye na cheti, aliyekula mabaki jikoni kwa mwindaji, ndiye aliyetakiwa akaitie nguvu damu ya mabwana wenye vyeti.

Kipimo chenyewe kilipatikana mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Missouri, kwa kazi ya Dakta Gary Johnson na wenzake. Hakihitaji hata sindano. Mwenyewe husugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mbwa, hukitia katika bahasha, hukipeleka kwa posta. Cha kwanza kilikuwa cha makisio: mbwa huenda ni salama, huenda ni mchukuzi, huenda atapatwa, kwa sababu wataalamu walikuwa wameona alama zilizo jirani na dosari bila ya kuiona dosari yenyewe. Mwaka 2011 wakaipata yenyewe, na neno huenda likaondoka.

Safari hii wafugaji hawakurudia kosa la miaka ya 1970, na hesabu yao ni rahisi. Mpandishe mchukuzi kwa mchukuzi, na kwa wastani katika kila watoto wanne mmoja atapatwa, wawili watakuwa wachukuzi, mmoja atatoka salama. Mpandishe mchukuzi kwa aliye salama, na hapana hata mmoja atakayepatwa. Nusu watakuwa wachukuzi, nusu salama. Kwa hiyo mchukuzi hatupwi. Anachaguliwa mwenzi. Wanawe wanapimwa kabla ya kwenda kwa wenyewe, na yule aliyetoka salama akiwa na macho na tabia ya mzazi wake ndiye anayeshikwa kwa kizazi kijacho. Mzigo unatuliwa bila ya kumzamisha hamali.

Nadhani msomaji wa mwambao ameshaitambua hesabu hiyo, nami kwa adabu zote sifananishi watu na wanyama; lakini maradhi ya selimundu, yanayowatesa watoto wengi wa pwani yetu, hurithiwa kwa njia iyo hiyo, na Saudia tangu mwaka 2004 wachumba hutakiwa kupimwa damu kabla ya nikaha. Mzazi aliyekwisha kesha Kilifi au Mombasa na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa haelezwi maana ya mchukuzi. Anaijua.

Sasa turudi kwetu. Basenji ni nadra hapa, na mbwa anayetafutwa zaidi na wenye malango ni yule mkubwa wa Kijerumani. Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja alimnunua wa namna hiyo kwa mtu aliyemwonyesha baba na mama, wote wakubwa, wakali, manyoya yanang'aa. Hakuonyeshwa karatasi wala hakuuliza. Kabla mbwa hajatimiza miaka miwili alianza kuruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, kisha akawa hainuki asubuhi bila ya kulia. Daktari wa mifugo alipiga picha ya nyonga, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba kichwa cha mfupa hakikai katika kikombe chake. Mbwa huyo hakuwa na kosa. Aliyemuuza aliendelea kuuza wengine, kutoka kwa koo yule yule na dume yule yule, kwa sababu walikuwa wakubwa na wakali na manyoya yanang'aa.

Ugonjwa wa nyonga si kama ule wa Fanconi, hauna dosari moja ya kukamatwa kwa pamba ya shavuni. Huchangiwa na chembe nyingi za urithi, pamoja na lishe na unene. Ndiyo sababu hupimwa kwa picha, tena mbwa akishakua. Marekani hawatoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla ya miezi 24. Kwa hiyo anayempandisha koo wake wa mwaka mmoja, joto la kwanza au la pili, anampandisha kabla ya kujua kitu, achilia mbali kwamba koo mwenyewe hajamaliza kukua.

Na kila mbegu ina lake. Basenji hupimwa Fanconi, kisha macho, maana iko dosari ya kurithi inayofifisha nuru polepole mpaka upofu, kisha tezi la shingo na nyonga. Mbwa wa madoa meusi wa Dalmatia hupimwa masikio, kwani wengi wao huzaliwa viziwi. Daktari mzuri wa mifugo atamwambia mwenyewe lipi ni la mbegu yake, na asiyejua mbegu ya mbwa wake apime yale yanayowahusu wote. Miongoni mwa hayo liko moja ambalo watu hulipita: maradhi ya kutupa mimba, ndugu wa yale ya ng'ombe na mbuzi, ambayo hupita kutoka kwa dume kwenda kwa jike siku ile ile ya kupandishwa, na mara nyingine humwambukiza hata mtu anayemzalisha. Kipimo chake ni cha damu. Dume wa kuazimwa mtaani ambaye hakupimwa anaweza kuimaliza nyumba nzima ya mbwa kwa alasiri moja.

Mengine ni ya kawaida, nami nitayapita mbio. Sindano ya kichaa cha mbwa na ya distempa zidungwe kabla ya mimba. Dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa daktari. Kupe watolewe, na huku pwani hilo ni kazi ya kila siku. Koo asiwe mnene wala mkonde. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mahali pa kuzalia patayarishwe mapema, pakavu, mbali na njia ya watu na mbali na mahali pa kuswalia.

Zito zaidi ya yote ni swali ambalo halina kipimo: watoto watakwenda kwa nani? Koo wa basenji huzaa wanne, watano, sita. Wafugaji wenye haki huko ng'ambo huandikiana na mnunuzi kwamba mbwa akishindikana, hata baada ya miaka mitano, atarudishwa alikotoka wala hatatupwa njiani. Hapa petu mtoto wa mbwa aliyekosa mnunuzi hutiwa katika gunia akaachwa sokoni au jaani usiku, na baada ya mwaka tunamkuta akizunguka, tunamwita mbwa mshenzi. Hakuzaliwa mshenzi. Aliyemzalisha alikuwa na nyumba, lango na jina.

Wale basenji waliopatwa na Fanconi kabla ya kipimo hawakuachwa wafe. Daktari mmoja wa Marekani, Steve Gonto, ambaye mwenyewe alikuwa na basenji mgonjwa, alipanga utaratibu wa vidonge vya bikaboneti, vitamini na madini, kurudisha mwilini kile kinachomwagwa na figo, na mbwa wengi wakaishi nao miaka mingi ya raha. Vidonge hivyo humezwa kila siku mpaka kufa, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Ni gharama na ni kazi, na yote ingeepukwa kwa pamba moja ya shavuni.

Yuko aliyeniuliza, katika kuzungumza haya barazani, mtu atapata wapi nafasi ya kupima yote hayo na koo amekwisha shikwa na joto, madume wamejaa nje ya ukuta. Nikamjibu kwamba koo wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo likipita hili liko jingine baada ya miezi sita. Basenji ndiye hana haraka hata kidogo. Yeye, kama mbwa mwitu, hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Mwenyewe asiyekuwa tayari hufunga mlango, husikiliza vile vigelegele usiku kucha kwa wiki mbili tatu, na hungoja mwakani.